Bima ya maisha kwa mwenye ugonjwa wa kudumu: ya vipimo, ya maswali machache, au isiyouliza kitu?

Mtu mwenye kisukari, presha au aliyewahi kutibiwa saratani akianza kutafuta bima ya maisha, tangazo la kwanza kumvuta huwa lile linalosema: hakuna vipimo, hakuna maswali, hakuna anayekataliwa. Na lazima limvute. Ameshachoka kutobolewa vidole, ameshachoka kujieleza kwa watu wasiomjua, halafu anatokea mtu anayemwambia weka sahihi hapa, basi. Shida ni kwamba hiyo mara nyingi ndiyo bima ghali kuliko zote ukiipima kwa kile itakachoiachia familia, na wengi wanaoikimbilia wangepata nafuu kubwa kama wangekubali kupimwa.

Kabla ya kulinganisha, ni vizuri kujua kampuni inatazama nini. Mwaka 1693 mwanafalaki Edmond Halley, yuleyule wa nyota yenye mkia iliyopewa jina lake, alichapisha jedwali la vifo vya mji wa Breslau likionyesha watu wa kila umri hufa kwa kasi gani. Mwaka 1762 ikaanzishwa London kampuni ya Equitable, iliyotoza ada kwa kufuata umri. Hesabu ya leo bado imekaa juu ya msingi huo. Mtu wa kawaida wa umri wako anahesabiwa kuwa 100, kisha ugonjwa wako unaongezwa juu yake kama asilimia: 50 zaidi, 100 zaidi, 200 zaidi. Jina la ugonjwa peke yake haliamui nyongeza hiyo. Wagonjwa wawili wa kisukari wenye umri mmoja wanaweza kuingia mlango mmoja, huyu akatoka na ada ya kawaida iliyopanda kidogo na yule akakataliwa kabisa.

Hizi ndizo njia kuu, kwa mpangilio ambao mimi ningezijaribu:

| Aina | Wanachotaka kujua | Mafao | Gharama kwa kila elfu ya mafao |
|---|---|---|---|
| Bima ya kikundi kazini | Mara nyingi hawaulizi chochote hadi kiwango fulani | Kwa kawaida hufungwa kwenye mshahara | Ndogo, au mwajiri analipa yote |
| Ya vipimo kamili | Damu, mkojo, presha, historia ya matibabu | Makubwa | Ndogo hadi ya kati, pamoja na nyongeza ya ugonjwa |
| Ya maswali machache | Fomu fupi ya ndiyo na hapana | Ya kati | Ya kati hadi kubwa |
| Isiyo na maswali | Umri tu | Madogo | Kubwa kuliko zote |
| Ya mkopo | Kidogo au hakuna | Hupungua kadiri deni linavyopungua | Inategemea mkopeshaji. Soma vizuri |

Bima ya kikundi nimeiweka juu kwa sababu moja: kampuni inabeba kundi zima, haimchambui mtu mmojammoja. Hadi kiwango fulani cha mafao unaingia bila kupimwa, ilimradi uwe kazini kweli siku bima inapoanza, si uko kwenye likizo ya ugonjwa. Kwa mwenye ugonjwa hiyo ni zawadi, na ajabu ni kwamba watu wanaiacha ipite. Fomu inazungushwa wiki ya kwanza ya ajira, anaiweka kwenye droo, na miaka mitatu baadaye akitaka kujiunga anaambiwa dirisha limefungwa, sasa lete vipimo. Kama una ugonjwa, fomu ile ijaze siku hiyohiyo. Udhaifu wake ni kwamba inaondoka na kazi. Ndiyo maana swali la kumuuliza afisa rasilimali watu ni hili: nikiacha kazi, naweza kuigeuza kuwa bima yangu binafsi bila kupimwa? Mikataba mingi inaruhusu, lakini kwa siku chache tu. Marekani muda uliozoeleka ni siku 31. Ada baada ya kuigeuza hupanda sana, lakini kwa mtu ambaye hakuna kampuni nyingine ingemchukua, hiyo si hasara.

Bima ya vipimo kamili ndiyo inayoogopwa, na hapa nitakaa kidogo.

Majibu yanayoweza kurudi baada ya vipimo ni matano. Unaweza kukubaliwa kwa ada ya kawaida. Unaweza kukubaliwa kwa nyongeza ya asilimia. Unaweza kuwekewa nyongeza ya muda, yaani kiasi kadhaa kwa kila elfu ya mafao kwa miaka michache ya mwanzo, kisha kinaondolewa. Hii hutumika sana kwa waliopona saratani, ambao hatari yao ni kubwa mwanzoni halafu inashuka. Unaweza kuahirishwa. Na unaweza kukataliwa. Watu wengi wanalijua hili la mwisho tu, kwa hiyo hawaombi.

Kuahirishwa kunastahili neno la ziada, kwani wengi hukuchukulia kama kukataliwa kwa heshima. Sivyo. Ukiomba mwezi mmoja baada ya kugunduliwa na kisukari, au muda mfupi tu baada ya mshtuko wa moyo, kampuni haina kitu cha kupima. Haijui dawa zitakushika vipi. Mara nyingi inakuambia urudi baada ya miezi 6. Ukirudi na karatasi za kliniki zinazoonyesha miezi sita ya namba nzuri, faili lako ni jipya.

Sasa, vipimo vyenyewe. Kwa kisukari namba kubwa ni HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi siku zipatazo 120. Maana yake huwezi kuidanganya kwa kujinyima siku mbili kabla ya kupimwa. Maana yake pia ni kwamba miezi mitatu ya nidhamu inaonekana wazi, na ndiyo miezi yenye thamani kubwa kuliko yote kabla ya kuomba. Mbali na hiyo watatazama protini kwenye mkojo (dalili kwamba figo zimeanza kuguswa), macho, miguu, presha, uzito, na umri uliokuwa nao ulipogunduliwa. Aliyegunduliwa akiwa na miaka 55 na anatumia vidonge hupata masharti mepesi kuliko aliyeishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni, ingawa na huyo wa pili wapo wengi waliokatiwa bima.

Presha ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Presha iliyodhibitiwa kwa dawa, ikiwa chini ya 140 kwa 90 kwa miezi kadhaa mfululizo na moyo na figo viko salama, mara nyingi hupita kwa ada ya kawaida au karibu nayo. Mtu mwenye presha aliyeambiwa na wakala kuwa njia yake pekee ni bima isiyo na maswali amepewa ushauri mbaya, labda kwa makusudi.

Mambo madogo nayo yana uzito siku ya kupimwa. Nenda asubuhi. Usinywe kahawa wala usivute sigara kabla. Mazoezi makali siku iliyotangulia yanaweza kuacha protini kwenye mkojo, nawe ukaonekana una figo mbovu kumbe ulikimbia tu. Dawa zako zinywe kama kawaida. Kuacha dawa ili uonekane huna ugonjwa ni njia ya hakika ya kupata majibu mabaya. Kuhusu sigara, kampuni hutafuta mabaki ya nikotini mwilini, na mvutaji anaweza kulipa mara mbili ya asiyevuta au hata zaidi. Wengi wanahesabiwa wasiovuta baada ya miezi 12 bila nikotini. Kwa mtu mwenye presha anayevuta, kuacha sigara kunaweza kupunguza ada kuliko kitu chochote ambacho daktari atamfanyia hiyo presha.

Bima ya maswali machache iko katikati, na ubaya wake ni kwamba maswali yenyewe ni panga. Je, katika miaka miwili iliyopita umelazwa hospitali kwa ugonjwa wa moyo? Je, unatumia insulini? Ndiyo moja tu na mlango umefungwa. Hakuna wa kumweleza kwamba ulilazwa usiku mmoja kwa uangalizi tu. Inamfaa mtu ambaye ugonjwa wake haumo kwenye orodha ya maswali, au anayehitaji bima haraka na hana wiki kadhaa za kusubiri majibu. Omba uione fomu kabla ya kuijaza. Kampuni moja inauliza miaka miwili nyuma, nyingine mitano, na tofauti hiyo pekee inaweza kuwa ndiyo bima yako. Na kutopimwa si kutochunguzwa, maana kampuni nyingi bado huomba rekodi za dawa na matibabu kwa ruhusa uliyoitia sahihi mwenyewe.

Tuje kwa ile isiyouliza kitu. Kampuni inayokubali kila mtu inajua kwamba watakaokuja wengi ni wale waliokataliwa kwingine, kwa hiyo inajilinda kwa njia tatu: ada kubwa, mafao madogo, na kipindi cha kusubiri. Cha mwisho ndicho watu wasichokisoma. Kwa kawaida, ukifa kwa ugonjwa ndani ya miaka 2 ya kwanza familia hailipwi mafao. Inarudishiwa ada ulizolipa, pengine na asilimia kidogo juu yake. Kifo cha ajali hulipwa chote tangu siku ya kwanza. Mara nyingi pia kuna mpaka wa umri wa kuingia, na bima nyingi za aina hii zimetengenezewa watu wa miaka 50 na kuendelea.

Chukua namba za mfano, sarafu yoyote. Mtu wa miaka 50 analipa 40 kwa mwezi kwa mafao ya 10,000. Kwa mwaka ni 480. Akiishi miaka 20 na miezi 10 atakuwa amelipa 10,000 kamili, na kuanzia hapo analipa zaidi ya familia itakachopokea. Sasa mchukue huyohuyo akapimwe. Tuseme ada ya mtu mzima wa afya kwa mafao ya 100,000 ni 400 kwa mwaka, naye anawekewa nyongeza ya asilimia 100 kwa ajili ya ugonjwa. Analipa 800. Kwa kila elfu ya mafao, ile isiyo na maswali inamla 48 kwa mwaka. Hii iliyomwadhibu kwa kumwongezea mara mbili inamla 8.

Niutendee haki upande wa pili. Zile mbili si kitu kimoja. Hii ya 800 kwa kawaida ni bima ya muda maalumu, tuseme miaka 15 au 20, na muda ukiisha bila kifo hakuna kitu. Ile ya 480 kwa kawaida ni ya maisha yote, ilimradi usiache kulipa. Kama shida yako ni watoto walio shuleni na deni la nyumba, hatari yako ina mwisho, na bima ya muda ndiyo inayoijibu. Kama unachotaka ni fedha za mazishi zisizomwangukia mtu, una miaka 70 na umekataliwa mara mbili, basi ile isiyo na maswali ina nafasi yake. Ninachokataa ni kuifanya njia ya kwanza.

Bima ya mkopo haina mengi. Mnufaika ni mkopeshaji, mafao yanashuka na deni, na nyingi zina kifungu kinachoondoa kifo kilichosababishwa na ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kukopa. Ukilazimishwa kuichukua, ichukue, lakini usihesabu kwamba familia ina bima. Hata hivyo kuna mahali sheria imeingilia kati: Ufaransa, tangu 2022, mkopo wa nyumba usiozidi euro 200,000 kwa kila mkopaji na unaokwisha kabla hajafikisha miaka 60 hauiruhusu kampuni ya bima kuuliza maswali ya afya, na aliyepona saratani hana wajibu wa kuitaja miaka 5 baada ya matibabu kwisha. Kwa hiyo swali la sheria ya unakoishi lisirukwe. Bima ya ajali peke yake ni rahisi na haiulizi afya, na sababu ni moja: hailipi ugonjwa. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo kununua bima ya ajali ni sawa na kuezeka sehemu ya nyumba isiyovuja.

Ugonjwa upi unaelekea wapi? Presha iliyotulia, kisukari cha aina ya pili kinachodhibitiwa na pumu isiyokulaza hospitali: anza na vipimo. Sonona na wasiwasi, vivyo hivyo, ingawa hapo wataangalia kulazwa na muda uliokosa kazi kuliko jina la dawa. Kifafa kinahesabiwa tangu mara ya mwisho ulipopata degedege. Miaka miwili ya utulivu ni hadithi tofauti kabisa na miezi miwili. Saratani inategemea aina, hatua iliyogunduliwa nayo, na tarehe ya tiba ya mwisho, kwa hiyo ripoti ya maabara ya uvimbe ni karatasi ya dhahabu. Itafute kabla hujaombwa. VVU imebadilika kuliko zote. Kabla ya tiba ya dawa mseto ya 1996 hakukuwa na mazungumzo. Leo katika nchi kadhaa, Afrika Kusini ikiwemo, wapo wanaokatia bima watu walio kwenye dawa ambao virusi havionekani kwenye damu, wakati mwingine kwa sharti la kupeleka vipimo mara kwa mara. Kampuni nyingine bado zinakataa bila kuangalia faili, na ukikutana na mojawapo usiichukulie kuwa ndiyo soko zima. Figo zilizofika hatua ya kusafishwa damu, moyo ulioshindwa, saratani iliyosambaa: hapa vipimo vitakupotezea muda, nenda moja kwa moja kwenye bima ya kikundi, na ukiikosa, isiyo na maswali.

Kipimo cha vinasaba ni jambo la pembeni lakini limewakamata wengi. Marekani ina sheria ya 2008 inayozuia ubaguzi wa kinasaba, ila inagusa bima ya afya na ajira, haigusi bima ya maisha. Kama unafikiria kupima vinasaba kwa sababu ya ugonjwa wa ukoo, jua kwanza sheria ya unakoishi inasemaje.

Kuna kishawishi ambacho hakimo kwenye jedwali: kunyamaza. Wakala mwenyewe anaweza kukunong'oneza, hiyo presha si lazima uiandike. Yeye analipwa kamisheni siku mkataba unapoanza. Hatakuwepo siku mjane anapeleka cheti cha kifo. Marekani, kwa mfano, kampuni kwa kawaida ina miaka 2 ya kuchunguza upya ukweli wa fomu, na katika nchi nyingi udanganyifu wa makusudi unaweza kubatilisha mkataba hata baadaye. Uchunguzi wenyewe ni kuomba faili la hospitali, ambalo linaanza na tarehe uliyopewa dawa ya kwanza. Utakuwa umelipa ada kwa uaminifu kwa bima ambayo haikuwahi kuwepo. Fomu akikujazia mtu mwingine, isome kila mstari kabla ya kuweka sahihi, na baki na nakala.

Kuhusu nani wa kumtumia: wakala wa kampuni moja anauza alichonacho, dalali wa bima anaweza kuzunguka kampuni kadhaa. Kwa mtu mwenye afya tofauti ni ndogo, kwa mgonjwa ni kubwa, kwani kampuni hazikubaliani kuhusu ugonjwa uleule. Mwombe dalali aulize kwanza bila kutaja jina lako: umri huu, ugonjwa huu, namba hizi, mtamchukua kwa masharti gani? Maombi rasmi yaliyokataliwa huacha alama. Fomu nyingi zinauliza kama umewahi kukataliwa, na Marekani kampuni za bima ya maisha zina kituo cha pamoja cha kubadilishana taarifa za waombaji tangu 1902.

Ukipata bei mbili, zilinganishe kwa kitu kimoja: mafao yaleyale, miaka ileile, malipo ya mwaka mzima. Kulipa kila mwezi kwa kawaida kunaongeza gharama, na ada inayoonekana ndogo inaweza kuwa ya miaka mitano ya kwanza tu. Uliza kama ada imefungwa au inapanda kila ukifungua mkataba upya. Uliza pia kama nyongeza ya ugonjwa inaweza kutazamwa upya. Kampuni nyingi hukubali ombi hilo baada ya mwaka mmoja au miwili ya matokeo mazuri, lakini sijasikia inayokupigia simu kukukumbusha, kwa hiyo weka tarehe kwenye kalenda yako.

Na kama tayari una bima, hata ile ya bei mbaya isiyo na maswali, usiivunje ukisubiri mpya. Endelea kulipa mpaka mkataba mpya umetiwa sahihi, ada ya kwanza imepokelewa na tarehe ya kuanza imepita. Ile ya zamani ikiwa imeshavuka kipindi chake cha kusubiri, fanya hesabu upya kabla ya kuiacha: miaka miwili uliyoilipia tayari iko ndani yake, na kwenye mkataba mpya saa inaanza kuhesabu upya.